Wasomaji Wauliza: Johnny Rotten Alitoka Wapi?

Katika toleo lililopita tuliandika aya moja tu kuhusu muziki wa panki, yaani roki ya kasi na ya uasi, wa Uingereza wa miaka ya 1970, tukamtaja mwimbaji wa bendi ya Sex Pistols, Johnny Rotten, kuwa ndiye aliyeupa sauti yake ya hasira. Aya hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala nzima iliyoizunguka. Tumechagua zile zinazouliza kuhusu maisha ya mwimbaji huyo tangu utotoni hadi alipopata jina, na baadhi tumezifupisha.

Ndugu Mhariri, mlituambia kwamba huyu Johnny Rotten alikuwa mwasi, lakini hamkutuambia ni mtoto wa nani wala alikulia wapi. Mtu haamki tu asubuhi moja akaichukia dunia. Naomba maelezo.
*Msomaji, Tanga*

Ndugu msomaji, jina alilopewa na wazazi wake ni John Joseph Lydon, naye alizaliwa London tarehe 31 Januari 1956. Baba na mama wote walikuwa wahamiaji kutoka Ireland. Baba alitokea Galway, mama, Eileen, alitokea Cork. Baba alikuwa mwendesha kreni, na familia hiyo, ambayo John alikuwa mkubwa wa watoto wanne wote wa kiume, ilianza maisha katika vyumba viwili huko Holloway, kaskazini mwa London, kabla ya kuhamia nyumba za halmashauri eneo la Finsbury Park. Katika miaka hiyo Mwairishi aliyekuwa akitafuta chumba cha kupanga aliweza kukutana na tangazo lililomkataa yeye, mtu mweusi na mbwa kwa pumzi moja, na Lydon aliyachukua maneno hayo kuwa kichwa cha kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1994. Ni mtoto aliyezaliwa mjini akabaki kuhesabiwa mgeni mjini humo humo.

Hata hivyo, watoto wa namna hiyo walikuwa maelfu, na hawakuwa wote Johnny Rotten. Kilichomtenga na wenzake ni ugonjwa. Alipokuwa na umri wa miaka saba aliugua homa ya uti wa mgongo, ambayo yeye mwenyewe amekuwa akieleza kuwa aliipata kwenye madimbwi yaliyochafuliwa na panya, alikokuwa akichezea. Alipoteza fahamu kwa muda mrefu, na kwa jumla alikaa hospitalini karibu mwaka mzima. Alipozinduka hakuwatambua wazazi wake. Hakujua jina lake, hakuweza kusoma, na ilimlazimu kuamini kwa neno tu la wauguzi kwamba mwanamume na mwanamke waliosimama kando ya kitanda ndio waliomzaa. Matibabu ya siku zile yalikuwa ya kuchomwa sindano ndefu mgongoni ili kuondoa majimaji, naye akatoka na kibiongo kidogo na macho yaliyodhoofika, ambayo yalimfanya azoee kumkodolea mtu macho bila kupepesa ili apate kumwona vizuri. Wale waliomwona jukwaani miaka kumi na mitatu baadaye, ameinama na kuning'inia kwenye kipaza sauti huku akiwatazama kana kwamba wana deni lake, walidhani ni maigizo. Mkao ule na macho yale aliondoka nayo hospitalini.

Kuna jambo jingine katika simulizi zake ambalo kwa maoni yangu ndilo ufunguo wa mambo yote. Lydon amesema mara nyingi kwamba madaktari waliwashauri wazazi wake wasimbembeleze wala wasimrahisishie kukumbuka, bali wamwudhi, kwa sababu hasira ingeisukuma akili yake itafute kilichopotea. Wazazi walitii ushauri huo, na kumbukumbu zikarudi kidogo kidogo kwa miaka. Sijui familia ya kwetu ambayo ingekubali kwa urahisi kumtendea mgonjwa hivyo, lakini fikiria mtoto wa miaka minane anayefundishwa kwa vitendo kwamba hasira ni dawa, na kwamba akitulia atajipoteza tena.

Aliporudi shuleni alikuwa nyuma ya wenzake, akaitwa majina ya kumdhihaki kwamba ni bubu na mpumbavu. Alijibu kwa vitabu. Mama yake alikuwa amemfundisha kusoma kabla hajaanza shule, na baada ya ugonjwa ilimbidi aanze upya, akawa mtu wa maktaba. Katika shule ya sekondari ya Kikatoliki aliyosoma alimpenda sana Shakespeare, yule yule ambaye sisi tulifasiriwa na Mwalimu Nyerere, na wakati huo huo alikuwa akigombana na walimu kila wiki, mpaka akafukuzwa akiwa na umri wa miaka kama kumi na mitano. Alifanya kazi za mikono pamoja na baba yake, kisha akajiunga na chuo cha Hackney kumalizia masomo. Huko ndiko alikozoeana na kijana aliyeitwa John Simon Ritchie. Walikuwa marafiki wanne wote wakiitwa John, hivyo majina ya utani yalikuwa ya lazima, na Ritchie akapewa jina la panya mdogo wa kufugwa wa nyumbani kwa akina Lydon, ambaye aliitwa Sid. Ndiye Sid Vicious ambaye wasomaji wengi mmemwulizia.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano na napiga gitaa kanisani. Nimesikia kwamba Johnny Rotten hakujua kuimba kabisa na kwamba alichukuliwa kwenye bendi kwa sababu ya fulana aliyovaa. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, sisi tunafanya mazoezi ya nini?
*Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba, kijana. Habari ya fulana ni ya kweli, ingawa haikuwa fulana peke yake.

Mwaka 1975 palikuwa na duka la nguo nambari 430 katika barabara ya King's Road, London, lililoendeshwa na Malcolm McLaren na mwenzi wake Vivienne Westwood, mbunifu ambaye baadaye alipata sifa dunia nzima. Vijana watatu waliokuwa wakizunguka dukani humo walikuwa wameanzisha bendi. Steve Jones alipiga gitaa, Paul Cook alipiga drams, na Glen Matlock, ambaye siku za Jumamosi alikuwa akiuza nguo humo dukani, alipiga gitaa la besi. Walichokosa ni mwimbaji. McLaren, aliyekuwa amerudi kutoka New York alikokuwa akijishughulisha na bendi ya New York Dolls, aliwafikiria watu kadhaa, mmoja wao akiwa Midge Ure wa Scotland, lakini hakuna aliyepatikana.

Wakati huo Lydon alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na nywele alizozipaka rangi ya kijani. Kwa simulizi yake, baba yake alipoziona alimfananisha na kabichi akamfukuza nyumbani, naye akaenda kuishi na Sid katika nyumba tupu iliyovamiwa na vijana wasio na makazi huko Hampstead. Alikuwa akizichana nguo zake na kuzishika tena kwa pini. Siku moja alionekana barabarani amevaa fulana ya bendi maarufu ya Pink Floyd ambayo alikuwa ameitoboa picha za wanamuziki machoni na kuandika juu yake kwa mkono maneno ya kusema anaichukia. Aliyemwona ni Bernard Rhodes, rafiki wa McLaren, na Agosti 1975 Lydon akaitwa kukutana na wenzake katika baa iliyokuwa karibu na duka.

Jaribio lake lilifanyika dukani baada ya kufungwa. Hapakuwa na vyombo vya muziki. Walimsimamisha mbele ya mashine ya santuri ya kutumbukiza sarafu, wakamwambia aimbe pamoja na sauti ya Alice Cooper, mwimbaji wa roki wa Marekani. Hakuwa amewahi kuimba mbele ya watu. Alijikunja, akatetemeka, akapiga kelele, akayafanyia mzaha maneno ya wimbo, na Jones, ambaye hakumpenda hata kidogo, hakuweza kuacha kumtazama. Ni Jones huyo huyo aliyempa jina la Rotten, maana yake mwenye kuoza, baada ya kuyaona meno yake. Siku iliyopangwa kwa mazoezi ya kwanza, katika eneo la Rotherhithe, Lydon alifika na wenzake hawakutokea. Ilibidi McLaren ambembeleze ndipo arudi.

Sasa swali lako la kuimba. Ukipima kwa kipimo cha kwaya yako, hakujua. Sauti yake haikuwa na upana, na alizivuta silabi za mwisho kwa namna ya kukera. Lakini alikuwa na mambo mawili ambayo waimbaji wengi wenye sauti nzuri hawana, yaani maneno yake mwenyewe na namna yake mwenyewe ya kuyatamka. Alitamka kama mtoto wa Finsbury Park, wakati ambapo waimbaji wengi wa roki wa Uingereza walikuwa wakijilazimisha kusikika kama Wamarekani. Katika mkao alikiri kumwiga mwigizaji Laurence Olivier alivyomcheza Mfalme Richard wa Tatu wa Shakespeare, yule mfalme mwenye kibiongo anayewasogelea watazamaji na kuwaeleza uovu wake kwa furaha. Kijana mwenye mgongo kama wake alikuwa amempata wa kumfuata, na hakumpata katika muziki.

Kuhusu mazoezi, usiyaache. Jones, Cook na Matlock walifanya mazoezi kwa bidii, na ndiyo sababu albamu yao inasikika imara hadi leo. Hadithi kwamba bendi ile haikujua kupiga ilienezwa na wao wenyewe kwa sababu ilikuwa ikiuza. Onyesho lao la kwanza, tarehe 6 Novemba 1975 katika chuo cha sanaa cha Saint Martin's, lilikatizwa kwa kuzimiwa umeme baada ya nyimbo chache, lakini miezi saba baadaye, tarehe 4 Juni 1976, walipiga Manchester mbele ya watazamaji wachache, na miongoni mwa hao wachache walikuwamo vijana walioanzisha bendi ya Joy Division na yule aliyekuja kuiimbia bendi ya The Smiths. Peter Hook wa Joy Division alinunua gitaa la besi siku iliyofuata.

Mwandishi mpendwa, sisi huku Unguja tunaambiwa kwamba kama si jino la Freddie Mercury, Sex Pistols wasingejulikana. Mzee mmoja barazani kwetu huapa kabisa. Tuamulie.
*Bi M., Mji Mkongwe, Zanzibar*

Bibie, mpe mzee huyo haki yake, ingawa amezidisha chumvi kidogo. Freddie Mercury, ambaye alizaliwa hapo hapo Mji Mkongwe mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara na ambaye familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, alikuwa mwimbaji wa bendi ya Queen, na Queen walikuwa na mkataba na kampuni ya santuri ya EMI. Oktoba 1976 kampuni hiyo hiyo iliwasajili Sex Pistols kwa malipo ya pauni 40,000. Tarehe 1 Desemba mwaka huo Queen walitarajiwa kuhojiwa katika kipindi cha jioni cha Thames Television, ambacho kiliruka moja kwa moja saa ambayo familia nyingi za London zilikuwa zikinywa chai. Walijitoa siku ile ile, na maelezo yanayotolewa ni kwamba Mercury alikuwa na miadi na daktari wa meno. EMI ikapeleka Sex Pistols kujaza pengo.

Mtangazaji, Bill Grundy, hakuficha dharau yake. Lydon alitamka neno moja la matusi chini chini. Grundy, badala ya kulipuuza, akamtaka alirudie kwa sauti kama mwalimu anavyomwamuru mwanafunzi mtundu. Alilirudia kwa upole, karibu kwa aibu. Baada ya hapo Grundy alimtania msichana mmoja aliyekuja na bendi, Jones akamshambulia kwa matusi mfululizo, na mazungumzo yote hayakufika hata dakika mbili. Angalia vizuri, kwa sababu watu hukosea hapa: aliyetukana zaidi ni Jones, lakini uso uliobandikwa kwenye magazeti ya asubuhi na kubaki kwenye vichwa vya watu ni wa Lydon. Maonyesho mengi ya ziara yao ya Desemba yalifutwa na mabaraza ya miji, Grundy akasimamishwa kazi kwa muda, na Januari 1977 EMI ikavunja mkataba.

Kwa hiyo jino liliwaleta studioni, lakini wangejulikana hata bila hilo, pengine polepole zaidi. Wimbo wao wa kwanza ulikuwa umekwisha kutoka tarehe 26 Novemba, siku tano kabla ya kipindi, na bendi kama The Clash zilikwisha kuzaliwa kwa kuwatazama wao. Kuna nyongeza ambayo baraza lenu litaipenda. Mwaka 1977 Queen na Sex Pistols walijikuta wakirekodi katika jengo moja, studio za Wessex, London. Sid Vicious alimwingilia Mercury na kumwuliza kwa kejeli kama amefanikiwa kuwapelekea umma densi ya baleti. Mercury hakutishika, alimwita kwa jina alilolipotosha makusudi, akamjibu kwamba wanajitahidi, na aliyeondoka mnyonge ni Sid. Mtoto wa Unguja alikuwa amekwisha kupita katika mapinduzi akiwa na miaka kumi na saba, na pini za Sid hazikumtisha.

Ndugu Mhariri, mimi ni mtu mzima na nawaheshimu wakubwa. Kwa nini kijana huyo alimtukana malkia wa nchi yake? Na kama wimbo ulipigwa marufuku, uliuzwaje?
*Mzee K., Nyeri*

Mzee wangu, swali lako ni la haki. Mwaka 1977 Uingereza ilikuwa ikiadhimisha miaka 25 tangu Elizabeth wa Pili kurithi kiti, habari ambayo, kama unavyojua vizuri ukiwa Nyeri, alipewa akiwa huko kwenu Februari 1952. Serikali iliandaa sherehe wakati ambapo nchi ilikuwa imetoka tu kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, bei zilikuwa zimepanda, na vijana wengi waliomaliza shule hawakuwa na kazi. Wimbo wenyewe, God Save the Queen, ambao uliazima kichwa chake kutoka wimbo wa taifa la Uingereza, Lydon aliuandika kabla ya shamrashamra hizo, na mwanzoni ulijulikana kwa maneno ya mwisho yanayosema kwamba hakuna siku za usoni. Ukiusoma mashairi yake utaona kwamba hamshambulii mama yule kama mtu. Anachokishambulia ni desturi ya kuwataka watu wa Finsbury Park washangilie gari la dhahabu linapopita, halafu warudi kwenye vyumba viwili. Sikuambii uyapende maneno yake, kwani baadhi ni makali kupita kiasi, lakini lengo lake lilikuwa hilo.

Kutoka kwake kulikuwa kwa vituko. Tarehe 10 Machi kampuni ya santuri ya A&M ilitia saini mkataba na bendi mbele ya Kasri la Buckingham; tarehe 16 ikauvunja, na nakala zipatazo 25,000 zilizokwisha kuchapwa zikaharibiwa karibu zote. Kampuni nyingine, Virgin, iliwachukua mwezi Mei na kuutoa wimbo tarehe 27. BBC ilikataa kuupiga, vituo vya redio vya biashara navyo vilizuiwa, na baadhi ya maduka makubwa yakakataa kuuza. Palipobaki maduka madogo, watu walipanga foleni. Katika orodha rasmi ya mauzo ulifika nafasi ya pili wiki ile ile ya sherehe, na kuna duka kubwa ambalo lilibandika orodha hiyo likaacha nafasi ya pili tupu. Wengi hadi leo wanaamini ulikuwa wa kwanza. Siwezi kulithibitisha, ila nafasi tupu iliutangaza kuliko tangazo lolote.

Lydon alilipia wimbo huo kwa mwili wake. Mwezi Juni, alipokuwa akitoka katika baa moja huko Highbury pamoja na mtayarishaji wao Chris Thomas, alivamiwa na kundi la wanaume wenye visu na nyembe, akakatwa mkono hadi kwenye mishipa. Alikuwa na miaka 21. Wanaosema uasi wake ulikuwa biashara ya kuigiza wangeanza kwa kuutazama mkono huo.

Mheshimiwa, mimi nimesoma kwamba Sex Pistols waliundwa na meneja wao kama anavyounda bidhaa, na Rotten alikuwa kikaragosi chake. Mbona makala yenu inampa sifa mwimbaji?
*Msomaji, Muscat*

Ndugu yangu, hilo ndilo dai la Malcolm McLaren mwenyewe, ambaye baada ya bendi kuvunjika alijitangaza kuwa ndiye aliyepanga kila kitu tangu mwanzo kama mtego wa kuwaibia wenye kampuni. Ni dai tamu, nalo limerudiwa mno. Mimi silikubali, na sababu yangu imo katika majibu yaliyotangulia.

McLaren alikuwa na duka, alikuwa na nguo za Westwood, alikuwa na kipaji cha kuwaudhi wakubwa na kupata fedha kwa kuwaudhi. Ile safari ya mashua katika mto Thames tarehe 7 Juni 1977, ambapo bendi ilipiga muziki majini mbele ya Bunge na polisi wakawakamata watu mashua ilipotia nanga, ilikuwa kazi yake, na McLaren mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Lakini kabla ya Lydon, McLaren alikuwa na bendi ya kawaida iliyokuwa ikitafuta mwimbaji wa kawaida. Maneno ya nyimbo aliyaandika Lydon. Chuki ya shule, ya kanisa, ya mabwana wenye nyumba na ya wageni rasmi ilitoka katika maisha niliyoyaeleza, na hakuna meneja anayeweza kumwandalia mtu mwaka wa hospitali.

Ushahidi mzuri zaidi ni wa redio. Tarehe 16 Julai 1977 Lydon alialikwa katika kituo cha Capital Radio cha London kuchagua santuri azipendazo. Msikilizaji aliyetarajia kelele alisikia reggae nyingi ya Jamaika, ambayo Lydon alikuwa ameipenda tangu ujana kwa kuishi na watu wa Karibea kaskazini mwa London, pamoja na bendi ya Kijerumani iitwayo Can, Captain Beefheart, hata Neil Young. Alizungumza kwa utulivu na kwa ujuzi. McLaren alikasirika, kwa kuwa bidhaa aliyokuwa akiiuza ilikuwa kijana asiyejua kitu na asiyependa kitu. Kikaragosi hakimkasirishi anayekichezesha kwa kusema anachokipenda.

Ubishi wa nani aliyemfanya nani tunaujua hata sisi. Kila bendi ya dansi iliyovunjika imeacha meneja mmoja anayedai kwamba bila yeye wasingekuwa kitu. Huko Uingereza ulifika mahakamani. Lydon alifungua shauri dhidi ya McLaren baada ya bendi kuvunjika, nalo likaendelea hadi mwaka 1986, ambapo haki za nyimbo na fedha zilizobaki zilirudishwa kwa wanabendi na kwa warithi wa Sid Vicious.

Aliishia wapi? Na kwa nini siku hizi haitwi tena Rotten?
*Msomaji, Kigali*

Albamu pekee ya Sex Pistols ilitoka Oktoba 1977 na kushika nafasi ya kwanza. Matlock alikuwa amekwisha kuondoka mwezi Februari na nafasi yake kuchukuliwa na Sid, ambaye alikuwa na sura ya kazi hiyo lakini si vidole vyake. Alikufa New York tarehe 2 Februari 1979 kwa dawa za kulevya, akiwa na miaka 21, na Lydon amesema zaidi ya mara moja kwamba anajilaumu kwa kumleta katika bendi. Bendi yenyewe ilikufa kabla yake. Januari 1978 walizunguka kusini mwa Marekani kwa ugomvi mtupu, na tarehe 14, San Francisco, mwisho wa onyesho, Lydon alichuchumaa jukwaani akawauliza watazamaji kama wamewahi kujihisi kwamba wametapeliwa. Siku chache baadaye alikuwa amejitoa.

Virgin ilimpeleka Jamaika kusaidia kutafuta wanamuziki wa reggae, safari iliyomfaa kuliko mwaka mzima uliotangulia. Kuhusu jina, upande wa McLaren ulidai kwamba Johnny Rotten ni mali yao, kwa hiyo aliporudi London alilirudia la baba yake. Akamchukua mmoja wa wale John wanne, aliyejulikana kwa jina la Jah Wobble, ambaye ndio kwanza alikuwa akijifunza gitaa la besi, wakaanzisha Public Image Ltd pamoja na mpiga gitaa Keith Levene. Wimbo wao wa kwanza ulitoka Oktoba 1978 ukaingia katika kumi bora, na ndani yake Lydon anawalaumu wenzake wa zamani kwamba hawakuwahi kusikiliza alichokuwa akikisema, walitazama tu nguo zake.